Kabla Hujampigia Mbunge Simu Kuhusu Ndovu

Unyayo mmoja wa ndovu ulimeza kiatu changu namba tisa na bado ikabaki nafasi ya kuweka kiganja. Ndivyo nilivyopima asubuhi ile, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Walikuja usiku kupitia kijito kilichokauka, wakakanyaga mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa ndevu, wakazimaliza kunde, kisha wakaliminya pipa la maji kama kikombe cha karatasi. Ekari mbili na nusu. Kijiji chetu kiko Taita Taveta, kaunti ya Kenya ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni mbuga ya Tsavo, kwa hiyo kwetu hili si geni. Kilichokuwa kigeni ni kwamba mwaka ule nilikuwa nimechaguliwa katibu wa kikundi cha wakulima, na katibu lazima aonekane anafanya kitu.

Nikampigia mbunge.

Mheshimiwa alikuja, tena upesi kuliko nilivyotarajia. Akapigwa picha ameshika bua lililovunjika, akatupa pole, akaahidi kulifikisha jambo letu Bungeni. Tukapiga makofi. Wiki kadhaa baadaye nikaenda ofisini kwake kuuliza kulikoni. Msaidizi wake, kijana mpole mwenye mafaili hadi kwapani, akanikalisha na kuniuliza: "Mzee wangu, mliripoti kituo gani cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori? Tarehe gani? Nani alikuja kukadiria hasara? Waliofungua madai ni wangapi?" Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa na picha 17 kwenye simu, na hasira.

Haya yote nayaandika kwa ajili ya katibu mwenzangu ambaye kesho ataamkia shamba kama lile. Mheshimiwa akisimama Bungeni bila tarehe wala idadi, waziri atamjibu kwa sentensi mbili na mjadala utafungwa. Hapo usimlaumu mbunge. Umemtuma sokoni bila kikapu.

Anza na sheria yenyewe, nayo haitishi kama unavyodhani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inasema familia ya aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5, aliyebaki na ulemavu wa kudumu milioni 3, na aliyepata majeraha mengine hadi milioni 2. Mazao na mifugo hulipwa kwa bei ya soko ya wakati huo. Madai hupitia kwanza kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Ikiridhika, ya vifo na majeraha huenda kwa waziri, na ya mazao na mifugo huenda kwa KWS. Lakini ndani ya kifungu cha 25, hicho hicho cha fidia, kuna maneno ambayo wengi wetu hatukuyajua: asiyechukua hatua za kutosha kulinda mali yake halipwi. Ndiyo maana siku hizi hatuandiki hasara peke yake. Tunaandika nani alikesha, moto uliwashwa upande gani, ua lilikuwa la miti au la waya. Wenzetu wa Sagalla wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa sababu ndovu humwogopa nyuki, na juu ya hayo asali huuzwa. Ukiwa na mizinga, itaje kwenye madai.

Soma pia orodha ya wanyama iliyo mwishoni mwa sheria. Nyani na tumbili hawamo, ingawa ukimuuliza mama yeyote wa kijijini kwetu atakuambia nyani ni mwizi kuliko ndovu. Nyoka walikuwemo, kisha Bunge likawaondoa. Hapo ndipo utaona ni kazi gani hasa unamletea mbunge. Ukitaka nyoka arudishwe kwenye orodha, hakuna afisa wa KWS anayeweza kukusaidia hata akikuonea huruma kiasi gani. Hiyo inahitaji sheria irekebishwe. Lakini kama dai lako limelala miaka mitatu kwenye droo, sheria haina kosa. Hapo unamtaka mbunge aulize swali, jina la kijiji na tarehe zikiwemo, ili waziri ajibu mbele ya watu na jibu liingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Sisi tulikwenda kudai sheria mpya wakati hatukuwa tumeitumia hata ile iliyopo. Aibu yetu.

Kuhusu kubadilisha sheria, jiandae kwa safari ndefu, tena usipakie mizigo miwili kwenye punda mmoja. Mwaka 2004 mbunge wa Laikipia Magharibi, G.G. Kariuki, alipeleka mswada binafsi wa kurekebisha sheria ya zamani ya wanyamapori. Siku hizo familia iliyopoteza mtu ilipewa shilingi 30,000, fedha ambazo huishia kwenye matanga. Kariuki alitaka zipande hadi milioni moja. Bunge likaupitisha mswada huo Desemba. Tatizo ni kwamba ulikuwa pia na vifungu ambavyo watetezi wa wanyama waliviona kama mlango wa nyuma wa kurudisha uwindaji wa burudani, uliopigwa marufuku nchini tangu 1977. Wakapiga kelele, na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Sheria mpya ikaja miaka tisa baadaye. Mimi naamini watetezi walikuwa na haki kuhusu uwindaji, na wajane walikuwa na haki kuhusu fedha, lakini kwa sababu yalifungwa kwenye kifurushi kimoja, wajane ndio waliongoja. Kwa hiyo unapoketi na mbunge wako, omba jambo moja. Ukimwomba fidia, ua la umeme, kazi za uaskari kwa vijana na daraja, atakachokumbuka ni daraja.

Hata mbunge wako asipotaka kusikia, Katiba inakupa njia. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na huhitaji wakili. Ombi linaweza kuwa la Kiswahili, na linaweza kuandikwa kwa mkono. La kwetu la kwanza lilirudi, na kosa lilikuwa letu. Tulikusanya sahihi kwenye karatasi za daftari, mkutano baada ya mkutano, tukazibana pamoja na kuzituma. Sharti ni kwamba kila ukurasa uwe na kichwa cha jambo linaloombwa, ili mtu asije akachukua sahihi za msiba na kuzigeuza za siasa. Zetu zilikuwa na majina matupu. Tena hatukusema kama tulikuwa tumelifikisha jambo kwa wahusika kabla ya kukimbilia Bunge, wala kama kuna kesi mahakamani. Yote mawili lazima yaandikwe, pamoja na nambari ya kitambulisho na sahihi au kidole gumba cha mwombaji. Mzee mmoja alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba ndovu wapelekwe nyumbani kwa waziri. Tulicheka sana, lakini lugha ya ombi lazima iwe ya heshima, na karatasi isiwe na maneno yaliyofutwa wala kuongezwa juu kwa juu. Mara ya pili binti yangu aliandika kichwa kile kile juu ya kila karatasi kwa rula kabla hatujaomba sahihi hata moja. Hilo halikurudi. Likishasomwa, kamati ina idadi maalumu ya siku za kulijibu. Tia alama kwenye kalenda, kwa sababu hakuna atakayekupigia kukukumbusha.

Sasa punda. Jirani yetu mmoja alikuwa na punda wa mkokoteni mwenye kidonda mgongoni kinachoonyesha nyama, na bado akimtwisha mitungi ya maji. Tukamwandikia mbunge. Mlango si huo. Katika Jedwali la Nne la Katiba, udhibiti na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti, kwa hiyo sheria ndogo za mbwa, punda na mikokoteni mpelekee mwakilishi wadi. Na kumtwisha punda mzigo unaomzidi ni kosa la jinai tayari, chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, kwa hiyo hata polisi wa kituoni wanaweza kuingilia. Sisi tulimwita mzee wa mtaa kwanza, na kwa kweli yeye ndiye aliyelimaliza jambo, kwa maneno makali na chupa ya dawa ya vidonda.

Ila punda wamenifundisha jambo moja kuhusu Nairobi pia. Vichinjio vya punda vilipofunguliwa kwa ajili ya soko la ngozi la China, wizi ulienea vijijini. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Mwaka 2020 waziri wa kilimo alipiga marufuku uchinjaji kwa notisi, watu wakashangilia, na 2021 Mahakama Kuu ikaifuta notisi hiyo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani. Mbunge akikuletea habari njema, muulize kwa upole: hili ni tangazo la waziri au ni sheria iliyopitishwa na Bunge?

Na muulize kuhusu fedha, tena kwa wakati wake. Fidia hulipwa kutoka kwenye bajeti, na makadirio hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Ukienda kulia Agosti, unga umeshakandwa. Sisi huenda Machi, watu wanne tu, na karatasi moja: madai mangapi yamepitishwa na kamati ya kaunti, ya mwaka gani, jumla shilingi ngapi. Mheshimiwa huikunja na kuitia mfukoni mwa koti, na mara moja nilimwona akiitoa.

Mwezi uliopita ndovu walirudi, safari hii kwa mama mmoja wa upande wa bonde, nusu ekari ya mtama. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshanitumia ujumbe: saa walizoingia, walikuwa wangapi, mwanawe aliyekesha, na nambari aliyopewa na askari wa KWS aliporipoti. Picha ilikuwa moja tu, ya unyayo, na kando yake rula ya mtoto wa shule.