Usitenge ethi ya mnara na ethi ya nyumba

SWALI: Habari za kazi injinia. Niko Mwanza, leseni ya redio ya ridhaa nimeshapata TCRA (mamlaka ya mawasiliano), namba yangu ya kujitambulisha hewani inayoanza na 5H ipo, sasa nataka kusimamisha mnara wa mita 12 nyuma ya nyumba, wa vyuma vya kuchomelea, juu niweke antena ya Yagi yenye fito tatu. Naogopa radi. Fundi umeme ananiambia nipige fimbo ya ethi (ya kushusha umeme ardhini) ya mnara peke yake, mbali na ethi ya nyumba, nisiziunganishe kabisa ili radi isije ikaingia ndani, halafu nimwage chumvi na mkaa, na mvua ikianza nichomoe kebo ya antena. Uwanja wenyewe ni wa mawe. Hiyo inatosha?

JIBU: Haitoshi ndugu yangu, na hapo pa "nisiziunganishe kabisa" ndio panaponiumiza kichwa kuliko vyote. Swali hili naletewa kila mara na kila mara nyuma yake kuna fundi aliyeshauri hivyohivyo, tena kwa kujiamini, maana ukisikia juujuu inaingia akilini: radi ibaki huko nje na mnara wake, nyumba ibaki na ethi yake.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Radi ya kawaida inashusha kama ampia 30,000. Tuseme fundi wako amejitahidi kweli, ethi ya mnara imepimwa ikasoma ohm 10 (ohm ni kipimo cha ukinzani, ikiwa ndogo ndio bora), ambayo kwenye mawe ya Mwanza ni kazi nzuri sana. 30,000 mara 10 ni volti 300,000. Yaani kwa kale kamuda kafupi mno, mnara mzima na ardhi inayouzunguka pale chini vimepanda volti laki tatu, wakati ethi ya nyumba iliyoko mita kumi na kitu pembeni haijapanda hata robo ya hiyo. Jiulize, ni kitu gani kinazigusa ethi zote mbili? Kebo ya antena inatoka kwenye mnara inaingia kwenye redio, redio imeunganishwa na pawa saplai, pawa saplai iko kwenye soketi, na soketi ina waya wa ethi ya nyumba. Njia ndiyo hiyo, ya shaba, imepita juu ya meza unayokalia. Huyo fundi hajazuia radi kuingia ndani, ameilazimisha ipite ndani.

Ukiziunganisha zote ziwe kitu kimoja, volti bado itapanda, hilo hakuna anayeweza kulizuia, ila inapanda kwa pamoja, mnara, redio na nyumba, kama mitumbwi ziwani inavyopanda pamoja wimbi likija. Kinachounguza na kuua ni tofauti ya volti kati ya kitu na kitu. Isipokuwepo tofauti umeme hauna sababu ya kuruka kutoka kwenye redio kwenda kwenye mkono wako.

Kwa hiyo kwako wewe fanya hivi. Ethi ya mnara na ile ya nyumba pale karibu na mita ya umeme ziunganishwe kwa shaba nene iliyofukiwa chini. Kebo ya antena ishuke na mnara mpaka chini kabisa ndipo igeukie nyumbani, usiikatishe juujuu kutoka katikati ya mnara, na ganda lake la waya ulifunge kwenye chuma cha mnara juu na chini. Kabla haijaingia ndani ipite kwenye bamba la chuma ukutani lenye aresta (kifaa kinachoukatisha umeme wa radi na kuushusha kwenye ethi), na kebo ya mota ya kuzungusha antena kama unayo nayo ipite hapohapo na aresta yake, halafu kutoka kwenye bamba mpaka ethi tumia utepe mpana wa shaba, mfupi, ulionyooka. Hapo kwenye kunyooka mafundi wengi wanapaona kama urembo tu. Radi inapanda ghafla mno, kwa hiyo kila mita moja ya waya wa kawaida inaweza kushikilia volti kama 10,000 hata waya wenyewe uwe mnene vipi. Ukiuzungusha zungusha na kuukunja kona kali umeharibu kazi yote, umeme utaacha waya na kuruka kwenye kitu kilicho karibu. Na shaba usiigusishe moja kwa moja na chuma cha mabati, inakula ile zinki mpaka kutu inaingia, weka klempu ya chuma kisichoshika kutu katikati.

Kuhusu mawe: kuna mafundi fimbo ikigota kwenye mwamba baada ya nusu mita wanaikata na grainda, wanafukia kichwa, wanachukua hela, mwenye nyumba anaamini ana fimbo ya mita 2.4 ardhini. Huo ni wizi. Mwamba ukikukatalia kwenda chini nenda pembeni. Chimba mitaro kuanzia kwenye mguu wa mnara, mitatu au minne, kila mmoja uelekee upande wake, mita 10 hadi 15 kama uwanja unaruhusu, laza waya mtupu wa shaba au utepe wa mabati ufukie na udongo mzuri, na mmojawapo uuelekeze kwenye ethi ya nyumba. Nondo za msingi wa mnara nazo ziunge, zege lililo kwenye udongo wenye unyevu linasaidia, ila usilitegemee peke yake.

Chumvi acha. Itashusha ohm siku fundi anapima (kama anapima!), mvua za msimu zinaiosha inaondoka, kinachobaki ni fimbo iliyoliwa. Bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, ndiyo inakaa miaka.

Kuchomoa kebo ni tabia nzuri, endelea nayo, lakini usiigeuze ndiyo kinga yako. Kwanza huko kwenu mvua kubwa za ziwani zinapiga sana usiku, umelala. Pili ukishasikia ngurumo umechelewa, wewe mwenyewe unayekwenda kushika ile kebo ndio uko hatarini. Tatu, watu wanachomoa halafu wanaiacha imelala nyuma ya meza, wengine wanaitumbukiza kwenye chupa ya glasi eti inazuia. Cheche iliyoruka kilomita kadhaa za hewa haishindwi na chupa. Chomoa mapema na mwisho wa kebo ubaki nje ya nyumba.

Mnara wenyewe nitapita haraka. Stei, yaani waya za kuushikilia mnara usianguke, ziwe za waya wa chuma wa mabati sio kamba ya nailoni, pande tatu, kwenye vimo viwili vya mnara, nanga zake ardhini zikae mita 8 hadi 9 kutoka kwenye mguu, na nanga nazo uziunge na ethi. Usiubebeshe mzigo kabla zege halijakomaa, siku 28. Nguzo za TANESCO ziwe mbali kiasi kwamba mnara ukilala wote usizifikie, mi nasema mita 18. Anayepanda avae mkanda wa mwili mzima. Na kama uko Ilemela jirani na uwanja wa ndege waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwanza.

Sasa haya siyo ya wenye redio tu. Naona mabomba yanasimamishwa kila mtaa, ya intaneti, ya kamera, kwenye gesti, kwenye shule zenye watoto mia kadhaa, na kila mahali ni ushauri uleule wa ethi mbili zisizojuana. Wengine wanaambiwa bora wasiweke ethi kabisa kwa sababu eti inavuta radi. Radi inafuata urefu, bomba lako likiwa refu litapigwa liwe na ethi lisiwe nayo, tofauti ni umeme unapitia wapi ukishafika. Na kuna wanaouza vile vimpira vya miiba vya kuweka kileleni wakidai vinaifukuza radi isipige kabisa, kwa bei ambayo ungenunua shaba ya mitaro yote. Havifukuzi.

Fundi akija muulize swali moja tu, mashine yako ya kupimia ethi iko wapi. Multimita ya kawaida siyo hiyo. Kama hana basi hajui ameweka nini ardhini na wewe hutajua. Akiwa nayo mwambie arudi apime tena Julai au Agosti ardhi ikiwa imekauka, maana baada ya mvua kila ethi inasoma vizuri.