Kabla hujaacha kazi kwa sababu ya Ye Xiu

Kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Kaka shikamoo, nimemaliza The King's Avatar, nimeamua. Mwisho wa mwezi naaga dukani, nacheza gemu kwa kulipwa. Kuna timu imeshanichukua." Nikamwomba anitumie mkataba niupitie. Akanijibu hakuna mkataba, kuna grupu la WhatsApp.

Hapo ndipo nikaona bora niandike kwa wote, maana najua mnaonisoma humu wengi mna ndoto hiyo hiyo.

Kwa ambaye hajaiona, hii ni katuni ya Kichina, kwao inaitwa Quanzhi Gaoshou. Imetokana na riwaya ya mtandaoni, na sizoni ya kwanza, vipande 12, ilitoka 2017. Gemu wanalocheza, Glory, ni la kubuni. Ye Xiu, mhusika mkuu, ana miaka 25, ni nahodha wa timu aliyoipa ubingwa mara tatu mfululizo, na wenye timu wanamtoa. Wadhamini wanataka sura yake kwenye matangazo, yeye hataki hata kupigwa picha, kwa hiyo kwao ni nyota asiyeuzika. Anatangaziwa kustaafu, anamkabidhi kijana mgeni kadi ya akaunti yake, anatoka nje kwenye theluji, anavuka barabara na kuomba kazi ya zamu ya usiku kwenye intaneti kafe.

Watu wengi humkumbuka kwa ule mwavuli wake, silaha aliyoachiwa na rafiki yake marehemu, unaogeuka mara mkuki, mara bunduki, mara ngao. Mwavuli mzuri, sikatai. Mimi iliyonikaa ni kadi. Kwenye Glory kila kitu chako kimo kwenye kadi hiyo: mhusika, silaha, jina ambalo nchi nzima inalijua. Na haikuwa yake. Ilikuwa mali ya klabu.

Nilipofika hapo nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

Mimi nimechezea timu moja hapa Dar, sitaitaja. Ni eFootball ya simu, gemu la mpira wa miguu, ile ambayo wengine mpaka leo mnaiita PES. Kikosi nilikijenga mwenyewe, kadi kwa kadi (kila mchezaji ni kadi), kwa bando la usiku, saa ambazo mtandao unatulia na pingi, yaani ule ucheleweshaji wa mtandao, inashuka. Mipira ya adhabu nilikuwa naipiga kwa kidole gumba cha kushoto, watu walikuwa wanasimama nyuma yangu kunitazama tu. Ila timu walisema akaunti isajiliwe kwa barua pepe yao, "ili mambo yawe rasmi". Tukachukua kombe, tukachukua jingine. Akaja mdhamini. Mdhamini akamtaka kijana mwenye wafuasi wengi TikTok.

Ujumbe uliingia kwenye grupu saa sita usiku: tunakushukuru kwa mchango wako, na emoji ya ua. Asubuhi paswedi haifungui. Wiki chache baadaye nikawa naitazama akaunti ile kwenye mashindano, mbashara. Mfumo ni wangu, nahodha ni yule yule niliyemhangaikia, hata jina la kikosi hawakulibadilisha, na anayeicheza hajui kwa nini beki wa kulia yule hapandi. Walitoka raundi ya kwanza. Nilicheka, na sioni aibu kusema nilicheka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: akaunti iwe kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Wakikwambia utaratibu wa timu ni mwingine, hiyo siyo timu yako.

Wa pili, soma karatasi. Wengi mnadhani Ye Xiu alikubali kustaafu kwa unyonge. Alikuwa anaijua kanuni: mchezaji aliyestaafu akikaa nje mwaka mmoja anaruhusiwa kurudi. Akauhesabu mwaka wake, akasaini. Huo ndio utaalamu wake hasa, kujua kilichoandikwa. Na jirani zetu Kenya, Sylvia Gathoni, Queen Arrow wa Tekken, gemu la mapigano, amesomea sheria huku anacheza. Mtu wa namna hiyo utamletea grupu la WhatsApp?

Cha tatu, angalieni Ye Xiu alivyojitafutia riziki pale kafe. Hakukimbilia jukwaani. Seva ya kumi ya Glory, yaani uwanja mpya ambao kila mtu anaanza upya, ilipofunguliwa alianza ngazi ya kwanza kabisa kama mtoto, kazi yake ikawa kuyawekea magenge makubwa ya wachezaji rekodi ndani ya gemu, na kila rekodi aliilipisha kwa malighafi adimu. Alikuwa anauza ujuzi kabla hajaunda timu. Mimi nilipotolewa nilikwenda kukaa kaunta kwenye banda la gemu la mzee mmoja Tabata, nakusanya hela za mechi na kununua LUKU. Nikawa nafundisha wanaofungwa, kwa malipo. Sehemu ya katikati ni ndefu na inachosha, niiruke. Leo banda ni langu, pedi za kuchezea hazina mkanda wa gundi, na wale wale walionipa ua wanakuja kufanyia mazoezi kwangu. Wanalipa kama wengine.

Mtaniambia China wanalipwa mishahara. Ni kweli, na mji wa kwenye hadithi, ambao wasomaji wengi wanauchukulia kuwa ni Hangzhou, ndiko mwaka 2023 Michezo ya Asia ilikotoa medali rasmi za gemu kwa mara ya kwanza. Wana klabu, mabweni na makocha. Sisi seva ziko mbali, unapiga shuti kipa ameshadaka. Na huko huko China, tangu 2021 aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu la mtandaoni kwa muda wa saa moja tu kwa siku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu peke yake. Nawaambia nyie wa kidato cha pili mnaoniandikia saa nane za usiku: lala. Msikilize mama yako. Heshimu mwalimu. Kipaji kisicho na adabu nimekiona kikipita pale bandani, kinakuja na simu ya kuazima na kuondoka na deni.

Na narudia tena, akaunti. Hata kama kocha ni mjomba wako. Hata kama mmeapa.

Sizoni ya pili ilitoka 2020, studio nyingine, na nyuso zimebadilika, mimi bado naipenda ya kwanza. Anayetaka nimsomee mkataba aje bandani Jumapili baada ya saa nane mchana, aje nao kwenye karatasi. Picha za skrini sisomi.