SAM.gov kukataa jina, na wanaodai dola 600

Ndugu, umesema kampuni yako ya usafi imekataliwa mara mbili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaotaka zabuni zake, na sasa kuna mtu anakudai dola 600. Huyo anayedai hela ili "akamilishe" usajili wako si serikali. SAM.gov haitozi hata senti, iwe kujisajili au kuhuisha. Usimjibu.

Kukataliwa mara mbili, mara nyingi shida ni jina. Cheti cha jimbo kikisema "Safi Cleaning Services LLC" nawe ukaandika "Safi Cleaning", umekwama hapo. Nakili herufi kwa herufi. Anwani iwe ya mahali halisi, sanduku la posta halikubaliki. Jina la kodi nalo lifuate barua ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) iliyokupa EIN, yaani namba ya kodi ya biashara.

Halafu usiishie kwenye UEI, namba ambayo SAM.gov inaipa biashara yako. Hiyo namba ya herufi na tarakimu 12 ni utambulisho tu. Kuomba zabuni mwenyewe kunataka usajili kamili, ambao ndio unaokuletea namba ya CAGE, msimbo wa serikali wa kutambua wauzaji wake. Kwenye NAICS, yaani misimbo ya aina za biashara, usafi wa majengo ni 561720.

Usajili unaisha baada ya siku 365. Usajili ukiwa umeisha muda siku unayowasilisha bei, ofa yako inaweza kutupwa, kwa hiyo anza kuhuisha miezi miwili kabla. Ukikwama tena, tafuta ofisi ya jimboni kwako ya APEX Accelerators, mpango wa kusaidia biashara kupata zabuni za serikali; mara nyingi wanasaidia bure.