Jivu la Miwa na Tofali Linalomomonyoka

SWALI: Mhariri, mimi hufyatua matofali ya saruji hapa Muhoroni. Jivu la makapi ya miwa halikosekani huku, kwa hiyo nimekuwa nikilitia badala ya robo ya saruji. Matofali hukauka vizuri na upesi, lakini nikiyapakia garini baada ya juma moja, pembe zake humomonyoka. Je, nanosilika niliyoisikia ikisifiwa, yaani chembe ndogo mno za silika (madini yaliyomo mchangani), itaniondolea tatizo hili?
Mfyatuaji, Muhoroni

JIBU: Itakusaidia, ila usianzie hapo. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa, nayo silika iliyo ndani ya jivu huungana na chokaa hiyo ikafanya gundi ileile inayoipa saruji nguvu. Kazi hiyo huenda polepole, na ndiyo maana tofali la siku 7 huwa dhaifu hata kama la siku 90 lingekuwa imara. Chembe za nanosilika ni ndogo mno, kiasi kwamba nyuso za chembe zilizomo katika gramu moja zikijumlishwa zaweza kuzidi mita 100 za mraba. Kwa hiyo huiwahi chokaa mapema na kuziba vitundu ambavyo jivu haliwezi kuvifikia.

Kipimo chake kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa saruji, yaani nusu kilo hadi kilo moja na nusu kwa mfuko wa kilo 50. Ukizidisha, chembe hugandamana na mchanganyiko hudai maji zaidi, na maji hayo ndiyo yanayolidhoofisha tofali. Nunua iliyokwisha kuchanganywa na maji, kwa kuwa vumbi la unga wake si la kuvutwa mapafuni.

Sasa tulitazame jivu lenyewe. Likiwa jeusi, lina mkaa usioungua, nao hunywa maji; likiwa limeungua kwa joto kali kupita kiasi, silika yake huwa fuwele zisizojali chokaa. Lichekeche, ulisage liwe laini kama saruji, na upunguze kiasi chake hadi asilimia 10 kwanza. Tena, neno lako “hukauka upesi” limenitia shaka kuliko jivu: tofali la saruji hukomaa kwa unyevu, hivyo lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku 14. Baada ya hapo fyatua machache yenye nanosilika na machache yasiyo nayo, uyapime nguvu siku ya 7 na ya 28, ndipo uamue kama tofauti utakayoiona inastahili bei yake.