Jua gemu yako inagandia wapi kabla hujanunua kadi mpya ya grafiki

Ile namba ya fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) kwa sekunde inayokaa kwenye kona ya skrini ni wastani, na wastani huficha mengi. Gemu inaweza kuandika 60 muda wote, lakini ukigeuza kamera picha inaganda kidogo, adui aliyekuwa mbali anatokea karibu, kisha mambo yanarudi sawa. Kwa mwendo wa fremu 60, kila fremu inatakiwa kukaa kwenye skrini milisekunde 16.7 tu. Fremu 59 zikipita upesi na moja ikang'ang'ania kwa milisekunde 100, hesabu ya sekunde nzima inatoka 60 ileile, ila jicho na mkono vimeshajua.

Nimewaunganishia marafiki kompyuta kwa miaka mingi, na wengi wanaoniambia mashine yao imechoka huwa wanalalamikia mgando huo, si uchache wa fremu. Ndiyo maana silijibu swali la "ninunue kadi gani?" kabla sijaona mstari wa muda wa fremu, yaani mchoro unaoonyesha kila fremu imekaa kwa muda gani. Programu ya MSI Afterburner ikishirikiana na RivaTuner inauchora bure juu ya gemu, na Steam Deck, ile kompyuta ya mkononi ya kuchezea, ina kipimo hicho ndani yake. Mstari ukinyooka, hata namba ikiwa ndogo, utacheza kwa raha. Ukiwa na meno ya msumeno, kuna kifaa au programu inayochelewesha wengine, na inabidi uitambue kabla hujatoa hela.

Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanaupinga: fremu 40 zilizotulia nazipenda kuliko 60 zinazopanda na kushuka. Fremu 40 ni milisekunde 25 kila moja, katikati kabisa ya 33.3 za fremu 30 na 16.7 za fremu 60, kwa hiyo nafuu yake ni kubwa kuliko namba inavyoonyesha. Kwenye skrini ya 120 Hz, yaani inayobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kila fremu inakaa mizunguko mitatu kamili, bila baki. Ndiyo sababu Ratchet & Clank: Rift Apart ya PlayStation 5 iliongezewa chaguo la fremu 40, na skrini ya Steam Deck ya LCD nayo inaweza kushushwa hadi 40 Hz. Bloodborne ya 2015 iko upande wa pili. Naipenda gemu ile kwa moyo wote, lakini fremu zake 30 hazifiki kwa vipindi sawa, basi mkononi huwa nzito kuliko gemu nyingine za fremu 30. Halafu kuna The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998, iliyokwenda fremu 20 kwenye Nintendo 64, na mpaka leo ukiicheza unaona kamera yake na mapigano yake vinaendana na mwendo huo.

Sasa kipimo chenyewe. Shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli (nukta) zinazounda picha. Kama unacheza kwenye 1920×1080, weka 1280×720 kisha simama mahali palepale panapokusumbua. Fremu zikipanda sana, kadi ya grafiki ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zisipopanda, kadi ilikuwa imekaa inasubiri prosesa, na hata ukinunua kadi ya bei gani, pale patabaki vilevile. Sababu ni mgawanyo wa kazi. Prosesa inahesabu nani yuko wapi, nani kagongana na nani, na nini kichorwe, kadi inachora. Picha ya 4K ina pikseli kama milioni 8.3, mara nne ya zile milioni 2.07 za 1080p (1920×1080). Mzigo huo unamwangukia mchoraji. Kwa prosesa, mji wenye watu mia ni uleule, uchorwe mdogo au mkubwa.

Kwa hiyo aina ya gemu unayoipenda inaamua zaidi kuliko orodha za "kadi bora". Factorio haikuombi kadi kubwa hata kidogo. Kiwanda chako kikikua, kinachozidiwa ni prosesa na kasi ya RAM. Baldur's Gate 3 inakwenda vizuri msituni, kisha unaingia mjini katika sehemu ya tatu na prosesa inaanza kuhema. Anayecheza Counter-Strike 2 kwa mashindano hushusha picha zote ili apate fremu nyingi, na akishazishusha amemhamishia prosesa kazi yote. Watu wa namna hii nawaambia watazame prosesa zenye akiba kubwa ya ndani (cache), ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Ryzen 7 5800X3D ya AMD ilipotoka mwaka 2022 ikiwa na MB 96 za akiba ya ngazi ya tatu, iliwafaa hata waliokuwa na mazabodi (bodi kuu za kompyuta) zenye soketi ya AM4 za miaka ya nyuma, mradi wasasishe BIOS, ile programu ya msingi ya mazabodi. Mtu alibadilisha kipande kimoja tu na mashine ya zamani ikapata uhai mwingine. Ushauri wa namna hiyo napenda sana kuutoa.

Lakini mgando mwingine hautibiki kwa kifaa chochote. Gemu nyingi za kompyuta hutayarisha programu ndogondogo za kuchora mwanga na rangi wakati ule ule unapocheza, na kila kitu kipya kinapotokea mara ya kwanza, mwendo unakatika. Elden Ring ilipotoka 2022 ilikatika hata kwenye kadi za juu kabisa. Ukiona mgando unatokea mara ya kwanza tu unapoona moto au jini fulani, na mara ya pili haupo, tulia, subiri marekebisho ya watengenezaji. Na ukinunua gemu mpya kwenye Steam, kumbuka kwamba unarudishiwa hela ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujaicheza zaidi ya saa mbili. Nazitumia saa hizo kukimbilia sehemu yenye watu na majengo mengi, kwa sababu vyumba vya mwanzo wa gemu karibu vyote vinakwenda vizuri.

Kabla ya hela yoyote kuna mambo ya bure, na haya ndiyo ninayoyakuta kila mara. Waya wa skrini umechomekwa kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi, kwa hiyo kadi nzima imelala. Skrini ni ya 144 Hz, lakini Windows imeiacha kwenye 60 Hz tangu siku ilipotolewa kwenye boksi. RAM imenunuliwa ya kasi kubwa, na ile XMP, au EXPO kwa upande wa AMD, yaani mpangilio unaoiruhusu kwenda kwa kasi yake kamili, haijawashwa kwenye BIOS, basi inakwenda kwa mwendo wa chini. Rafiki mmoja alikuja na laptopu yenye kijiti kimoja cha RAM, akiwa ameshaanza kuweka akiba ya kununua nyingine. Tulimwekea kijiti cha pili kinachofanana na cha kwanza, njia za kumbukumbu zikawa mbili, na gemu aliyokuwa ameikatia tamaa ikatulia. Kwenye mashine ambazo grafiki iko ndani ya prosesa, tofauti hii ni kubwa mno, maana grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inategemea RAM hiyohiyo.

Vumbi nalo. Prosesa na kadi zikipata joto hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Kama gemu inaanza vizuri na kuharibika baada ya dakika ishirini, fungua boksi la kompyuta, safisha feni, na kama mashine ni ya zamani badilisha ile pasta ya joto iliyo juu ya prosesa.

Ukifika kwenye kununua kweli, mimi huanza na skrini. Watu wanashangaa, lakini skrini utakaa nayo wakati kadi mbili au tatu zimeshapita. Kitu cha kutafuta ni uwezo wa kubadilisha mzunguko kufuata fremu. NVIDIA ilitangaza G-Sync mwaka 2013, FreeSync ya AMD ikafuata kwenye skrini za 2015, na siku hizi skrini nyingi za kuchezea zinao. Fremu ikichelewa kidogo, skrini inaisubiri badala ya kuonyesha ya zamani mara mbili au kupasua picha katikati. Ila soma mipaka yake: nyingi zinaanzia 48 Hz, na gemu ikishuka chini ya hapo bila skrini kuwa na namna ya kurudia fremu, msaada umekatika. Anayetumia televisheni awashe hali ya michezo kwanza, kwa sababu televisheni hupitisha picha kwenye hatua nyingi za kuipendezesha na kila hatua inaongeza ucheleweshaji kati ya kidole na skrini. Na 4K ya 120 Hz kamili inataka HDMI 2.1 pande zote mbili, pamoja na waya wake.

Kwenye kadi, jihadhari na majina. GTX 1060 ya NVIDIA ya mwaka 2016 iliuzwa ya GB 3 na ya GB 6, na mtu angedhani tofauti ni kumbukumbu tu. Ya GB 3 ilikuwa na viini vya kuchorea 1152, ya GB 6 ilikuwa na 1280. Laptopu ndizo zinazochanganya zaidi. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa umeme kuanzia wati 35 hadi 115, ikiwa na jina lile lile kwenye kibandiko, na RTX 4090 ya laptopu imejengwa kwa chipu ya RTX 4080 ya mezani. Inaniudhi sana, kwa sababu anayeumia ni yule aliyeweka akiba kidogokidogo na kuliamini jina. Tafuta idadi ya wati ya laptopu hiyohiyo unayoitaka, na usikubali kuambiwa "zote ni sawa".

Kuhusu teknolojia za kukuza picha, ambazo huchora gemu kwa pikseli chache kisha kuikuza ijae skrini, nazitumia bila aibu. DLSS ya NVIDIA inataka kadi zake za RTX. FSR ya AMD ya mwaka 2021 ilikuja ikifanya kazi hata kwenye kadi za kampuni nyingine, na kwa wenye kadi za zamani huo ulikuwa msaada mkubwa. Utengenezaji wa fremu za katikati ni jambo tofauti. Unafanya mwendo uonekane laini, lakini kidole chako bado kinasubiri fremu za kweli. Ukiwa tayari una fremu 60, ni nyongeza nzuri. Ukiwa na 25, utaona mwendo laini unaokujibu kwa kuchelewa, na mimi siwezi kucheza hivyo.

Pawa saplai usiibanie hela. Alama ya 80 Plus inaeleza kiasi cha umeme kinachopotea, haielezi kama kifaa kitalinda mazabodi yako umeme ukiruka. Soma majaribio ya modeli hiyohiyo na uangalie miaka ya dhamana.

Pedi wengi wanaisahau, ilhali ndiyo unayoishika muda wote. Kijiti kinachoanza kujiendesha chenyewe huwa kimechakaa ndani: vile vya kawaida vinapima kwa kusugua, na kinachosuguliwa kinaisha. Vijiti vinavyoitwa vya Hall vinapima kwa sumaku bila kugusana. Wala si uvumbuzi wa juzi, kwa kuwa pedi ya konsoli ya Dreamcast ya mwaka 1998 ilikuwa na kijiti cha namna hiyo. Pedi ninayonunua leo lazima iwe na vijiti vya aina hiyo. Kama yako imeanza kuyumba na huwezi kuibadilisha, ongeza eneo la kati lisilosoma kitu katika mipangilio ya gemu, utasogeza siku.

Na kama mambo ya BIOS na wati yanakuchosha, nunua konsoli, usimsikilize anayekucheka. Watengenezaji wanaijua mashine hiyo nje ndani. Nafasi ikijaa, PlayStation 5 inakubali SSD ya M.2 (diski ndogo ya haraka inayochomekwa ndani), Sony wanapendekeza kasi ya kusoma ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, pamoja na kipozajoto. Au kama unachopenda ni Stardew Valley, Celeste na Hollow Knight, mashine uliyonayo huenda inatosha kabisa, na gemu hizo ni kati ya nzuri kuliko zote nilizowahi kucheza.

Kadi iliyotumika siiogopi, hata ile iliyochimba sarafu za kidijitali, ila lazima niijaribu. Fungua programu ya GPU-Z mbele ya muuzaji uone chipu na kumbukumbu vinalingana na jina, kwa kuwa kuna kadi za zamani zilizoandikwa upya ndani zijitambulishe kama mpya. Kisha washa gemu nzito na uiache nusu saa nzima. Sikiliza feni zote. Tazama kama kuna vitone vinavyometameta au mistari ya rangi. Angalia joto la kawaida na lile la sehemu yenye moto zaidi: yakiachana kwa zaidi ya nyuzi 25 hivi, pasta imekauka, jambo ambalo linarekebishika na ni sababu halali ya kuomba bei ipungue. Vitone vikionekana hata mara moja, usijadiliane bei. Mshukuru muuzaji na uondoke.