Redio ya Valvu na Betri ya Pikipiki

SWALI: Nimerithi kwa marehemu babu redio ya betri yenye valvu nne (vichupa vya kioo vyenye nyuzi ndani) zilizoandikwa DK96, DF96, DAF96 na DL96, na kibandiko cha ndani kinataja volti 90 na volti 1.5. Betri yake haipatikani tena madukani. Fundi mmoja amenishauri niiunge kwenye betri ya pikipiki ya volti 12, naye kijana wangu anadai valvu zimekufa, kwani alipozijaribu kwa betri ya tochi hazikuwaka. Nifanyeje?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa betri ya pikipiki usiufuate hata kwa kujaribu, kwa sababu nyuzi za ndani ya valvu hizo zimetengenezwa kwa volti 1.4 tu na volti 12 zitazikata zote nne mara moja. Kuhusu kutowaka, kijana asikutie hofu: nyuzi hizo hupata moto hafifu mno, na hata valvu nzima huonekana kama imezimika. Chomoa kila valvu, upime kwa mita kati ya mguu wa 1 na wa 7, yaani ile miwili iliyo kando ya pengo pana. Umeme ukipita, uzi ni mzima. Tanga kuna hewa ya chumvi, kwa hiyo safisha miguu na matundu yake kwa spiriti kabla ya kuilaumu valvu yoyote.

Volti 90 utazipata kwa kuunga betri kumi za volti 9 kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na volti 1.5 utazipata kwa betri moja kubwa ya tochi. Kabla ya kurudisha valvu, unga betri zote, washa redio, kisha upime kwenye matundu ya 1 na 7 ya kila soketi; ya DL96 pima kati ya tundu la 5 na la 1, kisha la 5 na la 7. Ukikuta volti zinazozidi sana 1.5, kuna waya uliokosewa, na heri uugundue sasa kuliko baada ya kuunguza valvu ambazo kuzipata upya ni kazi. Vidole navyo viweke mbali, maana volti 90 hurusha mtu.

Usiiache iendelee kulia kabla ya kubadilisha kapasita (kifaa kidogo kinachopitisha sauti na kuzuia umeme wa betri) inayopeleka sauti kutoka DAF96 kwenda kwenye gridi ya DL96, yaani sehemu yake ya kupokelea sauti. Zile za karatasi huvuja zikizeeka, na hapo sauti hukwaruza na betri za volti 9 huisha upesi. Weka ya plastiki yenye thamani ileile, ya volti 250 au zaidi.

Stesheni za FM usizitarajie, kwa kuwa redio za aina hii hupokea mawimbi ya kati na mafupi. Ijaribu baada ya jua kuzama, ukiwa umetandika waya mrefu wa antena. Ikitoa mvumo tu bila stesheni yoyote, hasa kwenye mawimbi mafupi, shuku DK96, lakini anza kwa kubadilisha betri ya tochi, kwani valvu hiyo ndiyo ya kwanza kugoma volti zake zinaposhuka.