Maswali yenu kuhusu mbwa: akinguruma, msikilize

*Mbwa wetu anamngurumia kila mgeni getini. Bawabu humchapa lakini hakomi. Tufanyeje akome?* (Nyali)

Kwanza fimbo iondoke mikononi mwa bawabu. Mngurumo ndio maneno ya mbwa: naogopa, usinikaribie. Anayechapwa kila akinguruma hujifunza kunyamaza tu. Woga unabaki palepale, na siku moja anauma bila onyo. Ndipo naletewa barua kwamba "aliuma ghafla".

Mtazameni kabla hajanguruma. Alikuwa akihema, mara anafunga mdomo. Anajilamba pua, masikio yanalala nyuma, weupe wa jicho unatokeza pembeni. Hapo ndipo pa kuanzia. Muombeni rafiki awe mgeni, asimame mbali, hata ng'ambo ya barabara, mahali ambapo mbwa anamwona na bado anakubali kula. Mgeni akitokea tu, mbwa apewe maini ya kuchemsha, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, kimoja baada ya kingine. Mgeni akijificha, maini yakome. Msigeuze utaratibu huo: mgeni kwanza, maini baadaye. Mkitanguliza maini, ataona ni dalili kwamba mgeni yuaja, na ataanza kuyashuku maini yenyewe. Akikataa kula, mko karibu mno, rudini nyuma. Dakika tano zatosha, alfajiri au jua likishapoa, maana joto letu la mchana humhemesha mbwa hata asiye na woga, nanyi hamtajua mnatazama nini.

Kuna nyumba hapo Nyali ambako bawabu alikubali kubadilisha fimbo kwa kikopo cha maini. Baada ya wiki kadhaa nilisimama uani nikasikia komeo la geti likilia. Mbwa hakuruka. Aligeuza shingo akamtazama bawabu mkononi, bawabu yuleyule aliyekuwa akimkimbia.

Na hili hamkuuliza: huyo mbwa wenu anashinda kwenye mnyororo mfupi? Mwoga asiye na njia ya kukimbia hubakiwa na meno tu.

*Ni kweli pilipili na bangi humfanya mbwa awe mkali?* (Likoni)

Hapana. Pilipili humchoma tumbo na bangi humlewesha. Huo ni ukatili, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno.

*Jirani ambaye ni fundi wa mbwa ameniambia wangu anataka kunitawala, nimlaze chali nimkandamize mpaka akubali kuwa mimi ndiye mkubwa. Nifanye?* (Bamburi)

Usifanye, utaumwa usoni. Imani hiyo ilikuzwa na utafiti wa mbwa mwitu wa Ulaya (kwa Kiingereza wolf) waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, alioandika Rudolph Schenkel mwaka 1947. David Mech wa Marekani, ambaye kitabu chake cha 1970 kiliieneza sana, mwenyewe aliisahihisha mwaka 1999: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si vita vya madaraka. Mbwa wako aliyefyata mkia huku akionyesha meno hana habari na cheo chako. Anaogopa mkono wako. Na kama ukali umeanza karibuni, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya fundi yeyote. Sikio lililooza, jino bovu au homa ya kupe humfanya mbwa mpole asitake kuguswa.

*Sisi ni Waislamu, twafuga mbwa wa ulinzi. Nitamfunza vipi kwa chakula bila kuguswa na mate yake?* (Kisauni)

Ahsante, dada, kwa kuuliza vizuri. Si lazima ale mkononi mwako. Mrushie chini mbele ya miguu yake, au tumia kijiko cha mpini mrefu kilichotengwa kwa kazi hiyo. Kwa mbwa mwoga kurusha ni bora zaidi, kwani halazimiki kukusogelea ili ale.

*Mbwa mwoga atapona kwa siku ngapi?* (Mtwapa)

Hesabu wiki, pengine miezi.

*Wakati wa fataki za Diwali hujificha chini ya kitanda akitetemeka. Nimeambiwa nikimbembeleza nitaukuza woga.* (Tudor)

Si kweli. Woga haukui kwa kubembelezwa. Funga madirisha, washa redio, kaa naye, na usimvute atoke. Geti lifungwe mapema pia, maana mbwa aliyeshtuka hukimbia asijue arudi wapi.

*Mbwa wetu alimuuma mtoto wa jirani, kidogo tu. Nianze kumfunza vipi?* (Changamwe)

Mafunzo yangoje. Mtoto ameoshwa? Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama ni mkwaruzo. Msipake pilipili, kitunguu wala mafuta ya taa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikiwahi, huzuia. Mbwa asiuawe wala asifukuzwe. Mfungieni, daktari wa mifugo amwangalie kwa siku 10, na mtafute cheti chake cha chanjo. Kama hana, semeni hivyo hospitalini bila kuona haya. Kama mtoto bado hajapelekwa, acha kusoma, mpelekeni sasa hivi.